Mvua, ukungu na mteremko wa Manyovu: madereva wazingatie haya

Msimu wa mvua mkoani Kigoma huanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba na kwenda mpaka Aprili, mara nyingine Mei. Kila unapoanza, malalamiko yanayotufikia yanafanana: dereva kaandikiwa kosa la kuendesha bila uangalifu, naye anasema mwendo wake haukuzidi kibao cha mwendo. Basi tuelewane kuhusu hicho kibao.

Barabara ya Mwandiga hadi Manyovu ni ya lami, kilomita zipatazo 60. Inaanzia jirani na Ziwa Tanganyika, lililo mita 773 juu ya usawa wa bahari, na kupanda kwenye vilima vya Buhigwe vinavyozidi mita 1,500. Dereva anaondoka Mwandiga jua linawaka, vioo vyote wazi, anafika juu anakuta ukungu na lami inang'aa maji. Mvua ya huku hunyesha kwa vipande. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikisema Kigoma itapata mvua, imesema kweli, lakini haiwezi kukuambia ni kona ipi imelowa saa tisa alasiri. Hilo ni la dereva mwenyewe kuliona.

Mvua za kwanza ndizo mbaya zaidi. Kuanzia Mei mpaka Septemba lami imekusanya vumbi, dizeli na oili iliyodondoka kwenye malori. Manyunyu machache yakichanganyika na hayo, utelezi wake unazidi ule wa mvua kubwa iliyokwisha kuosha barabara. Kwenye michepuko ya udongo mwekundu kuelekea vijijini hakuna haja ya kueleza, kila mtu anaujua ule udongo.

Sasa mwendo. Gari likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde. Kabla mguu haujafika kwenye breki, sekunde moja na nusu imepita, mita 33 zimekwisha. Hapo ndipo breki inaanza kazi, na kwenye lami iliyolowa gari linaweza kuhitaji karibu mara mbili ya umbali wa lami kavu ili lisimame. Tairi likiwa kipara ni zaidi ya hapo, kwa sababu halina mifereji ya kutoa maji, linaelea. Ile 80 ya mabasi na malori ni ukomo wa juu. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamtaka pia dereva aangalie hali ya barabara na magari yaliyopo. Unaweza kuwa kwenye 50 ndani ya ukungu na bado ukawa na kosa.

Wapo wanaosema huu ni uonevu wa Tanzania. Ujerumani, ambako theluji huanguka bila kuaga, sheria yao ya tairi za majira ya baridi haikutaja tarehe. Inasema barabara ikiwa na theluji au barafu, gari liwe na tairi hizo, iwe Novemba au Aprili. Nao wanaitazama barabara.

Ukiandikiwa kosa, utaratibu ni huu. Askari anaingiza namba ya gari na leseni kwenye mashine, unapewa karatasi yenye kumbukumbu namba ya malipo. Faini ni shilingi 30,000 kwa kila kosa. Bodaboda na bajaji ni 10,000. Unalipa benki au kwa simu kwa kutumia namba hiyo. Humpi askari fedha mkononi, na askari hapaswi kuipokea. Deni linabaki kwenye namba ya gari, kwa hiyo kuuza gari au kubadilisha dereva hakulifuti, na ukichelewa linaongezeka. Kama hukubaliani na kosa, una haki ya kwenda mahakamani. Usichane karatasi, usiache leseni na kuondoka, usipige simu kwa mkubwa unayemfahamu. Haya ya mwisho tunayaona sana.

Kwenye kuteremka, kanuni ya malori ni nyepesi: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia, na uiingize kabla mteremko haujaanza. Dereva anayeshusha kwa nyutro akidhani anaokoa mafuta anaziachia breki kazi yote. Breki zikipata moto zinapoteza nguvu, halafu tunaambiwa "breki zimefeli". Hazikufeli, zilichomwa. Na ukishavuka maji, kanyaga breki kidogo kidogo ukiwa kwenye mwendo mdogo mpaka zikauke. Maji yanayopita juu ya kalavati kwa kasi hayavukwi, hata kama Probox iliyotangulia imevuka. Sentimita 30 zinatosha kuanza kulielesha gari dogo.

Ndani ya ukungu washa taa za chini. Taa za mbali mwanga wake unagonga ukungu na kukurudia machoni. Halafu kuna hili la hazadi, zile taa za kona zinazomweka zote kwa pamoja: sijui nani alianzisha desturi ya kuendesha huku hazadi zinawaka kila mvua inaponyesha. Hazadi ni za gari lililosimama kwa hitilafu. Ukizitumia ukiwa kwenye mwendo, anayekufuata hajui kama unatembea au umesimama, na kwenye magari mengi hataona unapotaka kukata kona.

Lori likiharibika, weka pembetatu za kuakisi mbele na nyuma, mbali kiasi cha mtu kuweza kusimama kabla hajakufikia; kwenye kona ziwekwe kabla ya kona. Matawi ya mwembe hayaakisi taa, na usiku wenye ukungu ni sawa na kutokuweka kitu. Toa taarifa kituo cha polisi kilicho karibu au piga 112. Utingo asilale chini ya lori.

Gari likishatengenezwa, mawe yaliyozuia tairi yatolewe barabarani kabla ya kuwasha injini, maana anayekuja nyuma yenu kwa pikipiki hatayaona.