Paka Mwenye Kisukari Anapong'olewa Meno: Sindano, Chakula na Saa

Simu hulia saa kumi na mbili asubuhi, siku ile ile ya upasuaji. "Daktari, shikamoo. Hajala kitu tangu jana usiku, kama mlivyoniambia. Sasa ile sindano yake ya insulini, nimchome au nisimchome?"

Nimeulizwa swali hilo mara nyingi kiasi cha kuamini kwamba kosa ni letu sisi madaktari wa mifugo. Tunamwambia mwenye paka afunge mlango wa jikoni usiku, halafu tunamwachia bomba la sindano mkononi bila maelezo. Jibu lilipaswa kuwa kwenye karatasi, siku tatu kabla, pamoja na namba ya kupiga.

Insulini haina subira. Ikishaingia chini ya ngozi inaishusha sukari, tumboni kuwe na chakula au kusiwe. Paka wengi wanatumia uniti 1 au 2 tu kwa sindano moja, mara mbili kwa siku, kwa hiyo kuzidisha kidogo kwetu ni kuzidisha kwingi kwake. Sukari ikishuka kupita kiasi ataanza kuyumba kama mlevi, atatetemeka, na mwishowe anaweza kupata degedege na kufa. Ukimnyima insulini kabisa nako sukari itapanda, mwili utapoteza maji kwa mkojo mwingi, na ataingia kwenye nusukaputi akiwa amekauka. Maandalizi yote ninayoyaeleza hapa yanazunguka jambo moja: sindano, chakula na saa viende pamoja, na mtu wa kuviunganisha ni wewe unayeishi na paka.

Nianze na paka mmoja tuliyemhudumia, nitamwita Sharubu. Dume aliyehasiwa, miaka 11, mnene. Alikuwa kwenye insulini kwa miezi saba, dozi ikipandishwa kutoka uniti 1 hadi 4, na bado anakunywa maji bila kukoma na kukojoa nje ya sanduku lake la mchanga. Mwenye naye aliamini insulini imeharibika kwa sababu umeme ulikuwa ukikatika mtaani kwao. Wazo lake lilikuwa la busara, kwani insulini hutunzwa kwenye jokofu kati ya nyuzijoto 2 na 8, isigande wala isipigwe na joto. Lakini chupa mpya haikubadilisha kitu. Tulipomfungua mdomo tukaona fizi nyekundu zinazovuja damu zikiguswa tu, ugaga mgumu wa rangi ya kahawia, na magego mawili yaliyoliwa shingoni, pale jino linapoingia kwenye ufizi.

Paka mzima ana meno 30. Ugonjwa huu wa jino kujila unawapata paka wengi wa umri mkubwa na unauma sana, ila paka hulia kwa nadra. Utamwona anainamisha kichwa upande mmoja akitafuna, anaangusha punje za chakula, anatokwa udenda, au ameacha kujilamba hadi manyoya yameshikana. Harufu mbaya ya mdomo ambayo tumezoea kusema "ndivyo paka walivyo" ni dalili ya ugonjwa.

Uvimbe na maambukizi ya kinywani huufanya mwili uikatae insulini, kwa hiyo sukari inapanda na dozi inapandishwa. Sukari ikiwa juu, vidonda vya fizi navyo haviponi vizuri. Kila kimoja kinamlisha mwenzake. Ndiyo maana sikubaliani na ushauri wa kusubiri sukari "itulie kabisa" kabla ya kugusa meno. Kwa paka kama Sharubu haitatulia mpaka meno mabovu yatoke. Tunataka awe katika hali ya kuvumilia nusukaputi: anakula, hajakauka, hatapiki, uzito haushuki kwa kasi. Anayepaswa kusubiri ni yule mwenye ketoni nyingi mwilini, yaani tindikali zinazojaa mwili ukichoma mafuta badala ya sukari, aliyelegea, anayekataa chakula na kutapika. Huyo ana dharura, anahitaji kulazwa na kuwekewa dripu kwanza, na meno yake yatazungumziwa akishapona.

Kuna jambo jingine la kumweleza daktari wako bila kuona haya. Paka wengi wenye vidonda vya kinywa huchomwa sindano za steroidi ili fizi zipungue uvimbe, nyingine zikikaa mwilini kwa wiki kadhaa. Steroidi hupandisha sukari, na kwa paka mnene inaweza kuwa ndiyo iliyouamsha kisukari chenyewe. Kama paka wako alichomwa sindano ya mwasho au ya mdomo miezi ya karibuni, popote pale, sema. Hakuna atakayekugombeza.

Wiki mbili kabla

Nunua daftari dogo. Andika saa ya kila sindano, dozi, alichokula na kiasi gani, maji aliyokunywa, na uzito wake mara moja kwa wiki. Ukurasa wa daftari hili unanisaidia kuliko kipimo kimoja nitakachomchukulia mezani kwangu, kwa sababu paka akiogopa sukari yake hupanda yenyewe. Kiwango cha kawaida kwa paka mzima ni takriban kati ya 4 na 8 kwa glukometa zetu, vile vifaa vidogo vya kupima sukari, zinazosoma kwa milimoli kwa lita, lakini hofu peke yake inaweza kukifikisha 16 au zaidi hata kwa asiye na kisukari. Ndiyo sababu tunapenda pia kipimo cha damu cha fruktosamini, kinachoonyesha wastani wa sukari wa wiki mbili hivi zilizopita na hakidanganywi na hofu ya siku moja.

Ukiweza, jifunze kumpima nyumbani. Tone la damu hutoka pembeni mwa sikio, ukishalipasha joto kwa kitambaa kilichochovywa maji ya vuguvugu na kukamuliwa. Mara ya kwanza mikono itatetemeka, ya tano utakuwa fundi. Fahamu tu kwamba glukometa za binadamu, ndizo tunazozipata madukani kwa urahisi, mara nyingi humsomea paka chini ya ukweli. Tumia kifaa kile kile kila siku na uje nacho kliniki tukilinganishe na cha kwetu.

Kuhusu mabomba ya sindano naomba unisikilize kwa makini. Insulini ya binadamu kutoka duka la dawa kwa kawaida ina uniti 100 katika kila mililita, na ile ya wanyama mara nyingi ina 40. Kila moja ina bomba lake. Ukivuta insulini ya 100 kwa bomba la 40, ukasoma mstari wa uniti 1, umemchoma mbili na nusu. Kabla ya siku ya upasuaji njoo na chupa na bomba vyote viwili tuvitazame pamoja.

Sisi upande wetu tutapima figo, chumvi za damu hasa potasiamu, mkojo kwa ajili ya sukari, ketoni na maambukizi, shinikizo la damu, na kusikiliza moyo. Kwa paka mzee tutaongeza tezi ya shingo. Gharama zinapanda, najua, na wengi huuliza kama tunaweza kumkwangua ugaga akiwa macho ili kukwepa nusukaputi. Hapana. Ugonjwa uko chini ya ufizi na kwenye mizizi, hauonekani bila picha ya eksirei ya meno, na paka anayeshikwa kwa nguvu akikwanguliwa fizi zenye kidonda anateswa bila faida.

Usiku na asubuhi

Omba awe wa kwanza kwenye orodha ya siku. Hili si upendeleo. Akianza saa mbili asubuhi anarudi kwenye chakula chake na sindano ya jioni kwa saa yake, na kliniki ina mchana mzima wa kumwangalia.

Jioni ya mwisho anakula na kuchomwa kama kawaida. Kuhusu kufunga, desturi ya kumnyima chakula tangu saa sita usiku inaachwa kwa wagonjwa wa kisukari. Siku hizi wengi wetu huruhusu mlo mdogo wa chakula laini, karibu nusu ya kawaida yake, muda wa saa mbili hadi nne kabla ya nusukaputi, ukiambatana na takriban nusu ya dozi ya insulini. Daktari wako anaweza kuamua tofauti kulingana na aina ya insulini na hali ya paka, na neno lake ndilo la kufuata. Maji asinyimwe. Kama unampima nyumbani, pima kabla ya kuchoma. Sukari ikiwa chini kuliko ilivyozoeleka, au amekataa ule mlo mdogo, usichome na upige simu. Kukosa dozi moja kwa kawaida hakumdhuru, lakini dozi iliyozidi inaweza kumuua kabla ya adhuhuri. Na nyumba yenye watu wawili wanaochoma iwe na mmoja tu asubuhi hiyo, aandike daftarini pale pale.

Paka anayeogopa safari anaweza kuandikiwa dawa ya kumtuliza ya kumeza nyumbani. Kapu lake la kubebea liwe sebuleni siku kadhaa kabla, na taulo lenye harufu ya kwenu ndani yake, lisitokee tu asubuhi hiyo kama mtego. Njoo na chupa ya insulini kwenye kifuko chenye baridi, chakula anachokipenda kweli, na daftari.

Ukishamkabidhi, una haki ya kuuliza maswali. Nani atakuwa anapima sukari? Tunapaswa kuipima karibu kila nusu saa akiwa amelala, tukiiacha ielee kati ya 8 na 14 hivi. Kwa siku hiyo sukari ya juu kidogo ni salama kuliko ya chini, na ikishuka tunaongeza glukosi kwenye dripu. Atawekewa mpira wa kupumulia? Lazima, kwa sababu maji ya mashine ya meno yasipozuiwa yataingia mapafuni. Atapashwa joto? Paka mdogo aliyelowa mdomo hupoa haraka, na aliyepoa huchelewa kuamka na kula. Ganzi kwenye taya kabla ya kung'oa jino hupunguza kiasi cha nusukaputi anachohitaji. Zailazini na ndugu zake, dawa za kulaza zinazotumika sana kwa wanyama, huzuia kongosho kutoa insulini na kupandisha sukari, kwa hiyo anayezitumia azisome namba za siku hiyo kwa kulijua hilo. Nami huwakumbusha wenzangu wasiache chuma cha springi kikikaza taya za paka kwa muda mrefu. Taya zikiwa wazi kupita kiasi mshipa unaopeleka damu kwenye macho na ubongo hubanwa, na wapo paka walioamka vipofu.

Siku kumi baada ya kurudi nyumbani

Hapa ndipo ninapokuwa na wasiwasi zaidi, maana wengi hudhani hatari imebaki kliniki. Meno mabovu yakitoka, ule ukinzani dhidi ya insulini huanza kupungua. Dozi iliyokuwa ndogo wiki iliyopita inaweza kuwa kubwa mno wiki hii. Sharubu alitoka kwetu na dozi iliyopunguzwa, na siku ya sita kipimo cha nyumbani kikasoma 3.1. Mwenye naye alikuwa ameshavuta insulini kwenye bomba. Hakuichoma. Alimpa chakula, akapiga simu, tukapunguza tena.

Kwa hiyo usimchome bila kuona amekula. Akila nusu, au asile, piga simu kwanza upewe dozi ya wakati huo. Ukimkuta amelegea, anayumba au macho yanamtoka, mpake asali au glukosi kwenye fizi kwa kidole. Akiwa kwenye degedege usimmiminie kitu mdomoni, kitampalia, na kidole chako kikae mbali na meno yake: mpake asali kwenye ufizi wa pembeni tu, kwa tahadhari. Halafu mlete, hata kama ameamka na anaonekana mzima, kwa sababu insulini bado inafanya kazi.

Chakula kiwe laini na kile kile cha siku zote, kilainishwe kwa maji ya uvuguvugu. Kwa huruma watu huwapikia uji au ugali laini, na wengine maziwa. Uji na ugali ni wanga mtupu, vitaipandisha sukari tuliyohangaika kuishusha, na maziwa huwaharisha paka wengi. Ukilazimika, chemsha samaki au kuku bila chumvi, toa miiba na mifupa yote, ponda. Supu yenye kitunguu maji au kitunguu saumu usimpe hata kidogo, inaharibu chembe nyekundu za damu yake. Paka asiyekula kabisa kwa siku moja arudi kliniki, maana paka mnene akikaa na njaa siku kadhaa mafuta hujaa kwenye ini, na huo ni ugonjwa mwingine mzito juu ya kisukari.

Dawa ya maumivu ni ile tu aliyoandikiwa. Paracetamol, hata kipande cha kidonge kimoja cha Panadol, inaua paka.

Baada ya siku 10 hadi 14 tunaangalia fizi na kupima sukari kila saa mbili mchana kutwa, ama kwetu ama nyumbani kwako, ndipo tunapanga dozi mpya. Fruktosamini tunaiacha wiki moja au mbili zaidi, kwani kabla ya hapo bado inasimulia habari za kabla ya upasuaji. Wapo paka ambao kisukari chao hutulia hadi wakaacha insulini kabisa, hasa wakipungua uzito na wanga ukitolewa kwenye chakula. Sharubu bado anachomwa, uniti 1 asubuhi na 1 jioni, na mwenye naye anaendelea na daftari lake la pili.