Je, mbwa mwenye mgongo mrefu na asiyependa kukimbia anaweza kucheza ajiliti bila kuumia?

Mtazame Dachshund, yule mbwa mwenye mwili mrefu na miguu mifupi, akishuka kutoka kwenye kochi. Miguu ya mbele inatua kwanza, kifua kinakaribia kugusa sakafu, kisha sehemu ya nyuma inafuata kama behewa la mwisho la treni. Kwa muda huo mfupi mgongo umebeba kazi nzito ya kuunganisha ncha mbili zilizo mbali. Sasa mpeleke mbwa huyohuyo kwenye uwanja wenye viunzi vya kuruka, kilima cha mbao, daraja jembamba na handaki, umwambie akimbie. Ndiyo maana wenye mbwa wa aina hii wanauliza kwa wasiwasi: hivi anaweza kweli, au ninampeleka kuumia?

Ajiliti ni mchezo ambao mbwa hupita mfululizo wa vizuizi huku mwenye mbwa akikimbia pembeni na kumwelekeza kwa sauti na mikono. Ulionyeshwa hadharani mwaka 1978 London, katika maonyesho ya mbwa ya Crufts, kama burudani ya kujaza muda kati ya shindano moja na jingine. Waliouanzisha walichukua mfano wa mashindano ya farasi wanaoruka viunzi. Tangu hapo umetawaliwa na mbwa wepesi wenye miguu mirefu, hasa Border Collie, na vipimo vingi vya vifaa vinawafaa wao. Mbwa mwenye miguu mifupi ni mgeni kwenye uwanja huo, na mgeni anahitaji kupangiwa nafasi yake.

Jibu langu ni ndiyo, wengi wao wanaweza kushiriki. Lakini mbwa mwenye mgongo mrefu hapaswi kucheza ajiliti ileile ya Border Collie, na kuna wachache ambao hawapaswi kuruka kabisa. Kuelewa nani ni nani, inabidi tuingie kwanza ndani ya mgongo wenyewe.

Je, wajua kwamba Dachshund ana idadi ileile ya pingili za mgongo kama mbwa mwingine yeyote? Saba za shingo, 13 za kifua, saba za kiuno. Hajaongezewa pingili hata moja. Anaonekana mrefu hasa kwa sababu miguu yake imefupishwa, na kilichoifupisha miguu hiyo ndicho kinachotuhusu hapa. Mwaka 2009 watafiti waligundua kwamba miguu mifupi ya mbwa wa aina hii inatokana na nakala ya ziada ya jeni iitwayo FGF4, iliyojipachika kwenye kromosomu ya 18. Mwaka 2017 ikapatikana nakala nyingine ya jeni hiyohiyo, safari hii kwenye kromosomu ya 12. Hiyo ya pili nayo hufupisha miguu, na pia huharibu diski za mgongo mapema. Watu walipochagua miguu mifupi kizazi baada ya kizazi, bila kujua walikuwa wanachagua na diski dhaifu.

Diski ni mto mdogo ulio kati ya pingili na pingili. Nje ina pete ya nyuzi ngumu, ndani ina ute laini unaosambaza uzito kila upande. Kwa mbwa wengi ute huo hubaki laini hadi uzeeni. Kwa Dachshund na jamaa zake huanza kugeuka kuwa kama gegedu ndani ya mwaka wa kwanza wa maisha, kisha mara nyingi hujaa kalisiamu na kukauka. Diski iliyokauka haisambazi tena uzito. Inapobanwa, kilichomo ndani kinaweza kupasua pete na kufyatuka kwenda juu, mahali unapopita mshipa mkuu wa fahamu. Mtafiti wa Sweden, Hansen, alilieleza tatizo hili mwaka 1952, na hadi leo madaktari wa mifugo huliita kwa jina lake, Hansen aina ya kwanza. Mbwa anaweza kupata maumivu tu, au kuyumba, au kupooza miguu ya nyuma ndani ya saa chache.

Mara nyingi diski hupasuka pale mbavu zinapoishia na kiuno kuanza. Kwenye sehemu kubwa ya kifua kuna kano inayounganisha vichwa vya mbavu mbili kwa kupita juu ya diski, nayo huizuia isifyatuke. Zikiisha mbavu zenye kano hiyo, kinga nayo imeisha. Weka mkono wako nyuma tu ya mbavu za mwisho za mbwa wako na utakuwa umegusa eneo hilo. Kwa jumla, takriban Dachshund mmoja kati ya watano, au hata mmoja kati ya wanne, hupata dalili za ugonjwa huu katika maisha yake, wengi wakiwa na umri wa kati ya miaka mitatu na saba.

Wengi wanadhani mruko mmoja mbaya ndio unaovunja mgongo wa mbwa, kama ubao unavyovunjika. Ukweli ni kwamba diski nyingi hupasuka siku ya kawaida kabisa, mbwa akiamka kitandani au akigeuka kumtazama mtu mlangoni. Uharibifu ulikwishaandaliwa miezi au miaka nyuma. Kwa hiyo kumfungia mbwa ndani ili asiumie hakumhakikishii usalama, na pengine kunamdhuru. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba Dachshund waliofanya mazoezi kwa muda mrefu zaidi, na hata waliopanda ngazi kwa kiasi, walikuwa na diski chache zilizojaa kalisiamu. Uchunguzi wa Uingereza wa mwaka 2015 nao ulikuta kwamba mbwa waliotembezwa chini ya dakika 30 kwa siku walikuwa miongoni mwa walioathirika zaidi. Takwimu hizi zisomwe kwa tahadhari, maana mbwa anayeumwa mgongo naye hutembezwa kidogo, na si rahisi kujua kipi kilitangulia. Hata hivyo misuli imara ya tumbo na mgongo hubeba sehemu ya mzigo ambao diski ingeubeba peke yake, na misuli haijengwi kwa kulala.

Sasa turudi uwanjani.

Kiunzi cha kuruka ndicho kinachonipa wasiwasi zaidi, na hesabu yake ni rahisi. Kwa kanuni za American Kennel Club, chama cha mbwa cha Marekani, mbwa wote wenye kimo cha hadi sentimita 28 mabegani huruka kiunzi cha sentimita 20 katika kundi la kawaida la mashindano. Dachshund mdogo ana kimo cha sentimita 13 hadi 15 tu. Maana yake anaombwa aruke kitu kirefu kuliko mabega yake mwenyewe, tena mara nyingi katika mzunguko mmoja. Kanuni hizohizo zina kundi jingine ambalo mbwa wa kimo hicho huruka sentimita 10, na kwangu mimi hilo ndilo pekee linalomfaa. Nyumbani si lazima kufika hata hapo. Ufito uliolazwa chini unamfundisha mbwa kila kitu anachohitaji kujifunza kuhusu mwelekeo, hatua na kumsikiliza mtu wake. Kuruka juu hakumwongezei akili, kunamwongezea kishindo cha kutua.

Basset Hound, mbwa mwingine mrefu mwenye miguu mifupi, ana hesabu tofauti. Kimo chake hakizidi sana sentimita 35, lakini uzito wake ni kilo 18 hadi 29. Uzito wote huo hutua kwenye miguu miwili ya mbele iliyopinda. Kwake mabega na viwiko viko hatarini sawa na mgongo, na kila kilo ya ziada inauma mara mbili.

Kilima cha mbao, kile chenye umbo la paa la nyumba, hufika takriban mita 1.7 kwa mbwa wengi. Kupanda si tatizo kubwa. Kushuka kwa kasi ndiko kunakotisha, kwa sababu mbwa hufika chini akiwa amekunja mgongo na kuusimamisha mwili ghafla. Kishushwe hadi kiwe karibu tambarare, au kiachwe. Daraja jembamba lina hatari ya aina nyingine, kuanguka kutoka karibu mita 1.2, kwa hiyo ubao ulioinuliwa kidogo tu kutoka ardhini unatosha. Pembea ya ubao mimi ningeiondoa kabisa kwa mbwa mwenye historia yoyote ya mgongo, maana ule mtikisiko wa ubao ukigonga chini hauna faida yoyote kwake.

Kuna fito za kupitia kwa zigizaga. Huwekwa umbali wa takriban sentimita 60, na mbwa hujipinda kulia, kushoto, kulia, kushoto, hadi fito 12. Mbwa mrefu analazimika kujipinda zaidi ili apite, na kurudia huko kwa kasi ni kazi ngumu kwa kiuno. Lakini fito zilezile zikipangwa safu mbili zenye njia katikati, anapita moja kwa moja bila kujikunja, na bado anacheza.

Halafu kuna handaki, na hapa mbwa mfupi ndiye mwenye uwanja. Border Collie huingia akiinama. Dachshund huingia kama anayerudi nyumbani, na kwa kweli ndivyo ilivyo. Jina lake kwa Kijerumani linamaanisha mbwa wa melesi, mnyama jamaa wa nyegere anayeishi mashimoni, kwa kuwa alifugwa aingie kwenye mashimo kumfuata melesi. Nimeona mbwa waliokataa kila kizuizi kingine wakiingia handakini mara tatu bila kuambiwa. Anzia hapo.

Linabaki suala la uvivu, na naomba tulichukulie kwa uzito, kwa sababu neno hilo huficha mambo mengi. Basset alifugwa kufuata harufu polepole mbele ya wawindaji wanaotembea kwa miguu. Anaweza kwenda saa nyingi, ila si kwa kasi, na utulivu wake ndio ulivyo. Dachshund ni kinyume: ni mbwa mkali, mchimbaji, mwenye kelele na hamu. Dachshund anayekaa tu, asiyetaka kupanda wala kucheza, hajazaliwa hivyo. Huenda amenenepa, huenda anaumwa. Kabla ya kumwita mbwa mvivu, mpeleke kwa daktari wa mifugo, amkague mgongo, viungo, moyo na uzito. Zipo dalili ambazo mtu wa nyumbani huziona kabla ya daktari: anasita mbele ya ngazi alizozoea, anakunja mgongo juu, tumbo linakaza ukimgusa, analia akiinuliwa, anaburuta kucha za nyuma hadi zinalika upande mmoja.

Akionekana mzima, mbwa mtulivu anafundishwa kwa vipindi vifupi. Dakika tano zinatosha mwanzoni. Atembezwe kama dakika 10 kwanza ili misuli ipate joto, maana hatari ya mbwa wa aina hii ni kulala kwa muda wa saa nne kisha kufyatuka ghafla. Ardhi iwe ya nyasi au mkeka usioteleza. Chakula cha kumtuza kitoke kwenye mgao wake wa siku, kisiwe nyongeza. Akiondoka uwanjani, ameshatoa jibu lake na asivutwe kwa kamba. Mtoto wa mbwa asiruke chochote kabla mifupa haijakomaa. Mashindano mengi yenyewe hayapokei mbwa aliye chini ya miezi 15 au 18.

Aliyewahi kupata tatizo la diski, hata kama amepona na anakimbia vizuri, viunzi si vyake tena. Huyu anaweza kupewa kazi ya pua: ficha chakula ndani ya maboksi au nyuma ya miti, mwache atafute. Kwa Basset hasa, hii si zawadi ya kufuta machozi. Ni kazi aliyofugwa kuifanya, na anatoka amechoka na kuridhika kuliko angepita vizuizi 20.

Ikitokea siku mbwa akalia ghafla uwanjani au miguu ya nyuma ikaanza kuyumba, mchezo unaisha hapohapo. Mnyanyue kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio, mgongo ukiwa sambamba na ardhi. Usimpe dawa ya maumivu ya binadamu, baadhi huua mbwa. Mwone daktari siku hiyohiyo. Akiwa hawezi kusimama, usisubiri hata asubuhi, kwa sababu mshipa wa fahamu uliobanwa hupoteza uwezo wa kupona kadiri saa zinavyopita.

Kama hakuna lililotokea, bado kuna kipimo kimoja, nacho kiko asubuhi ya pili. Mwangalie anavyoamka. Akijinyoosha, akajikung'uta mwili mzima kutoka masikioni hadi mkiani na kuja kukusalimu, kipindi kijacho kinaweza kufanana na cha jana. Akiinuka kwa awamu, mbele kwanza, kisha akasimama kidogo kabla ya kuleta nyuma, viunzi vibaki chini wiki hiyo, na simu ya kwanza ya siku iwe kwa daktari.