Nani aliwaambia diski lazima "isome" kwanza?

Jumamosi asubuhi, kabla sijamaliza chai, ameingia mpiga video wa harusi na diski ya nje ya 1 TB kaivalisha soksi. Anatabasamu. "Fundi, nimekupunguzia kazi. Ilikuwa haisomi, nikaifomati, sasa hivi inasoma safi. Wewe nirudishie tu vitu vyangu."

Vitu vyake ni send-off mbili na harusi moja ambayo maharusi bado hawajakabidhiwa video.

Ni wa tatu mwezi huu, na wote watatu wana imani ileile: diski isome kwanza, ndipo fundi atoe data. Ni kinyume kabisa. Mimi sihitaji Windows iielewe diski yako. Nahitaji diski inipe sekta zake, yaani vipande vidogo vinavyobeba data, hata kwa kuchechemea, na mtu asiwe ameandika chochote juu yake.

Neno "haisomi" lenyewe linatuponza. Isiyowaka kabisa, haisomi. Inayowaka ikagonga ko-ko-ko, haisomi. Na ile inayozunguka vizuri, ikaonekana kwenye Disk Management, orodha ya diski ndani ya Windows, na GB 931 zake (ndiyo, ni ileile 1 TB ya kwenye boksi, hujaibiwa) ila imeandikwa RAW, yaani Windows haitambui mpangilio wa mafaili yake, nayo mnasema haisomi. Hiyo ya tatu mara nyingi imeharibika daftari, mzigo uko salama. NTFS, mfumo wa Windows wa kupanga mafaili, huandika kwenye daftari lake liitwalo MFT jina la kila faili na mahali lilipolala. Umechomoa waya kompyuta ikiwa inaandika, ukurasa umechanika, Windows inashindwa kusoma mwandiko, inaomba ifomati. Ni karani aliyepotelewa na leja anayeshauri ghala lichomwe.

Lakini RAW huletwa pia na vichwa vya kusomea vilivyochoka, na kwa sura tu siwezi kutofautisha. Naangalia SMART kwanza, ripoti ya afya ambayo diski hujiandikia yenyewe, nayo imeshanidanganya: leo inasema nzima, kesho diski kimya.

Sasa fomati, hapa ndipo ninapobishana na watu hadi koo linakauka. Ya haraka huandika daftari jipya, jembamba, mara nyingi juu ya kurasa za mwanzo za lile la zamani. Video zenyewe haizigusi. Ukiacha papo hapo, narudisha sehemu kubwa, hata majina na mafolda. Fomati kamili ni habari nyingine: tangu Windows Vista inaandika sifuri diski nzima. Ikishapita, hakuna programu, hakuna mtaalamu wa Ulaya, hakuna dua. Fundi aliyejifunza enzi za XP atakuapia kwamba inakagua sekta mbovu tu, na kwa enzi zake alikuwa sahihi. Halafu kuna SSD, diski zisizo na kitu kinachozunguka, ambazo nyingi zikifomatiwa hata kwa haraka hupokea TRIM, amri ya kuziambia data ile haihitajiki tena, na ukiziomba sekta zile baadaye zinakupa sifuri. Baadhi ya diski za kuzunguka za SMR, zile zinazoandika mistari ya data ikilaliana, nazo zina tabia hiyo. Kwa miaka nimewaambia wateja "ya haraka haina neno". Siku hizi nalimeza hilo.

Nikamuuliza: "Ilichukua muda gani?"

"Ilikuwa inachelewa sana, nikaenda kula. Kama nusu saa hivi. Nikarudi, nikaikatisha, nikafanya ile ya haraka."

Nusu saa, kwa MB 100 kila sekunde, ni GB 180 za sifuri kuanzia mwanzo wa diski. MFT kwa kawaida hukaa karibu na mwanzo. Nikamvutia kiti.

CHKDSK, programu ya Windows ya kukagua diski, nayo si dawa ya kurudisha data. Kazi yake ni kuufanya mfumo wa mafaili usijipinge wenyewe; kisichokubali hukatwa na kutupwa kwenye found.000 kwa majina kama file0000.chk. Na habari ya kuweka diski kwenye friza sitaki kuisikia. Kwa unyevu wa Dar, ukiitoa tu inatoa jasho kama chupa ya soda.

Mimi nanakili kwanza. ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, kwenye Linux, pamoja na faili la ramani, ili umeme ukikatika niendelee nilipoishia. Inachota palipo pazima, inaruka palipooza, inarudi baadaye. Kutafuta mafaili ni kwenye nakala. Kigumu ni kujua pa kusimama. Nakala imefika asilimia 97, diski inaanza kulalamika: je, hizo 3 zina kitu? Kuna moja niliing'ang'ania usiku kwa tamaa, vichwa vikafa mkononi mwangu. Nyingine nilisimama mapema, na picha aliyoitaka mama wa watu ilikuwa humo nisimofika. Mpaka leo sina kanuni.

Hii ya harusi haina MFT ya zamani ya kutegemea, kwa hiyo PhotoRec, programu ya kufufua mafaili, inatambua video kwa baiti zake za mwanzo na kuzitoa bila majina, f-namba-namba.mp4, mamia. Nazifungua moja moja nikitafuta gauni jeupe. Send-off moja imepatikana karibu yote, ya pili vipande. Harusi bado.

Jana jioni amepiga simu. "Fundi, vipi, imeshasoma?"