Ziwa si bahari: mbolea ya Malawi na malori matupu ya Mtwara

Tulipomaliza kikao na wakulima wa korosho Masasi, mzee mmoja Myao alinishika mkono akanivuta pembeni. "Mwalimu," akasema, "mimi nina ndugu Mangochi, kule Malawi. Wana ziwa ambalo ukisimama ufukweni huioni ng'ambo. Sasa mnaposema nchi yao haina bahari, wanakosa nini hasa?"

Nilimjibu juujuu kwa sababu gari lilikuwa linanisubiri. Jibu lenyewe ni refu, na linatuhusu sisi wa kusini kuliko tunavyodhani.

Chukua mfuko mmoja wa pembejeo. Salfa, dawa ya unga ya mkorosho, ikishashushwa kwenye gati la Mtwara, imebakiza kama kilomita 200 za lami kufika Masasi, ndani ya nchi moja na kwa sarafu moja. Mbolea ya mkulima wa Kasungu, Malawi, ikishashushwa Nacala au Beira kule Msumbiji, au Dar es Salaam, ndiyo kwanza inaanza safari. Kuna wakala wa forodha, kuna dhamana ya mzigo wa transiti, mizani, foleni ya mpakani, na nauli ya lori inayodaiwa kwa dola. Lori likikosa mzigo wa kurudi nao, mwenye mbolea hulipia na safari hiyo tupu. Yote yanaishia kwenye bei ya mfuko. Halafu mvua za kule huanza kushika Novemba. Mbolea ikichelewa hadi Januari, mahindi yameshapiga unjano na muda uliopotea haurudi.

Ziwa haliwaokoi hapo. Maji ya Ziwa Nyasa hutoka kwa Mto Shire na kuingia Zambezi, lakini katikati ya Shire kuna maporomoko ambayo mwaka 1859 yalimkwamisha David Livingstone na meli yake. Mwaka 1866 alishuka hapa kwetu Mikindani na kulifikia ziwa kwa kufuata upande wa Ruvuma. Misafara ya Wayao ilikuwa imeizoea njia ya kutoka Nyasa hadi Kilwa zamani sana kabla yake, ikileta pembe za ndovu na, kwa masikitiko, binadamu wa kuuzwa.

Kukosa bahari kunabana hata siasa za nchi. Malawi ilipopata uhuru tarehe 6 Julai 1964, reli yake ya kwenda baharini ilipita Msumbiji, ambayo bado ilikuwa koloni la Mreno. Miaka hiyohiyo sisi tulikuwa tunawapokea wapiganaji wa FRELIMO waliopigania uhuru wa Msumbiji, na Nachingwea ikawa kambi yao kuu ya mafunzo. Rais Kamuzu Banda akachagua kuelewana na Mreno. Mwaka 1967 akafungua uhusiano wa kibalozi na Afrika Kusini ya makaburu, na makaburu wakamkopesha fedha za reli ya kuiunga na Nacala na za kuujenga mji mkuu mpya wa Lilongwe. Wazee wetu walimwita msaliti. Siutetei uamuzi wake. Zambia nayo haikuwa na bahari, ikachagua kuungana nasi na kujengewa reli ya TAZARA hadi Dar es Salaam. Ila naomba tuelewe uzito uliokuwa mabegani mwake: mlango wa nyumba yake ulikuwa kwenye ua wa mtu mwingine, na ufunguo alikuwa nao mwenye ua.

Msumbiji ilipopata uhuru, shida haikuisha. Katika miaka ya 1980 vita vya waasi wa RENAMO vilizikata reli za Beira na Nacala. Tumbaku ya Malawi ikawa inazunguka kwa lori hadi Durban, wakati nchi hiyohiyo ndogo inahifadhi wakimbizi wa Msumbiji waliofikia kama milioni moja. Hata leo ikipata pigo, huchelewa kuinuka. Januari 2022 kimbunga Ana kiliharibu bwawa la umeme la Kapichira. Machi 2023 kimbunga Freddy kikaua mamia ya watu, wengi wao Blantyre na wilaya za kusini. Novemba mwaka huo kwacha, sarafu yao, ikashushwa thamani kwa asilimia 44, na kila kinachonunuliwa kwa dola, kuanzia mafuta na dawa hadi mbolea, kikapanda.

Mtwara inaingiaje hapo? Mwaka 2004, Tanzania, Malawi, Msumbiji na Zambia zilitia saini Lilongwe makubaliano ya Ushoroba wa Maendeleo wa Mtwara. Tangu hapo gati jipya limejengwa, na lami imefika Mbamba Bay kupitia Masasi, Tunduru, Songea na Mbinga, zaidi ya kilomita 800. Ng'ambo ya Mbamba Bay ni Nkhata Bay, Malawi.

Simama jioni kando ya barabara pale Masasi uangalie malori ya makaa ya mawe yanayotoka Ngaka, wilayani Mbinga. Yanashuka yamejaa, turubai limekazwa kwa kamba, vumbi jeusi limeganda kwenye matairi. Utingo anaruka chini na kipande cha chuma, anagonga tairi moja baada ya jingine akisikiliza mlio. Kesho kutwa utaliona lori lilelile linapanda kurudi Mbinga, turubai limekunjwa, bodi inapiga kelele kwa utupu. Linarudi karibu kabisa na ziwa bila kitu, wakati ng'ambo kuna mkulima anayelipia lori jingine lirudi tupu Beira.

Lori hilo lingeweza kupanda na mbolea yake. Bodi ya makaa itahitaji kusafishwa kabla ya kupakia mifuko, na huo ndio ugumu mdogo. Mkubwa ni maji. Bila bandari kamili Mbamba Bay na meli ya mizigo yenye ratiba, hakuna mfanyabiashara wa Lilongwe atakayeleta mbolea yake Mtwara ikalale ufukweni. Kuna pia suala la mpaka. Malawi inasema ziwa lote la upande huo ni lake kwa mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890. Tanzania inasema mpaka unapita katikati. Usuluhishi ulikabidhiwa Joaquim Chissano, rais mstaafu wa Msumbiji, na marais wastaafu wenzake. Biashara inaweza kuendelea wakati hilo linazungumzwa, lakini uwekezaji wa meli unahitaji utulivu.

Na unahitaji imani. Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao ya Malawi kuingia na kupita nchini, baada ya Malawi kuzuia baadhi ya mazao yetu. Zuio letu liliondolewa baada ya siku chache. Najua ndizi za wakulima wetu zilikuwa zimeoza mpakani, na hasira ile ilikuwa na sababu. Lakini mtu asiye na bahari huzikumbuka siku kama zile kwa miaka mingi, na anapochagua bandari hutazama nani hatamfungia kabla hajatazama nani yuko karibu.

Nimempigia simu yule mzee wa Masasi kumweleza haya. Akaniuliza njia ya kwenda Mangochi kwa upande wetu. Nikamtajia: Songea, Njombe, Makambako, Mbeya, Kasumulu, Karonga, kisha ushuke na ziwa lote hadi kusini. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza meli ya Mbamba Bay inaondoka siku gani.