Sogeza Maiki Kabla Hujaongeza Sauti

Waongoza watalii wenzangu wa Mbeya na Iringa huniuliza wanunue spika yenye nguvu kiasi gani. Mimi huwauliza kwanza maiki yao inakaa wapi. Ikiwa mbali na mdomo, ukiongeza sauti unaongeza kila kitu: maneno yako, upepo, maji, hata vishindo vya viatu. Ukipunguza umbali huo kwa nusu, sauti yako hupanda kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) huku kelele za pembeni zikibaki palepale. Spika kubwa haikupi hilo.

Ndiyo maana nashikilia maiki ya kichwani, yenye kijiti kinachofika karibu na mdomo. Ukigeuka kuonyesha nguzo za mawe katika korongo la Isimila, karibu na Iringa, nayo inageuka nawe. Ya kubana kwenye kola inabaki ikitazama mbele. Hiyo ya kichwani ikae kwenye pembe ya mdomo, la sivyo kila "p" na "b" italipuka masikioni mwa wageni. Na mle korongoni usielekeze spika kwenye kuta, maneno yatarudi na kuvurugana.

Kitulo ni habari nyingine kabisa. Uwanda uko wazi, mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na upepo haukuti kizuizi. Sponji nyembamba haitoshi. Vika maiki kifuniko cha manyoya, na kama kifaa kinaruhusu punguza bezi, kwa kuwa mvumo wa upepo umejaa sauti nzito. Kisha upe upepo mgongo, wageni wakae mbele yako: mwili unaikinga maiki, na upepo unawapelekea maneno. Baridi hudhoofisha betri, kwa hiyo za akiba naziweka mfuko wa ndani.

Daraja la Mungu, lile daraja la mwamba la asili juu ya mto Kiwira, hadithi naimaliza kabla hatujaukaribia mto, maana maji yana kelele. Kando ya maji nasema tu pa kukanyaga na panapoteleza.

Kwenye wanyama na ndege, spika naiacha garini, maana inawafukuza. Hapo natumia kirusha sauti, na kila mgeni ana kipokezi na hedifoni, wote chaneli moja. Mkikutana na kundi lingine lenye vifaa kama hivyo, pataneni chaneli mapema. Nachagua hedifoni ya sikio moja, ili sikio la pili lisikie mwenzake akimwita au tembo akivunja matawi. Zikirudishwa, nazifuta kwa spiriti kabla ya kundi linalofuata.