Simulizi Ni Mali: Dhana Potofu Zinazowagharimu Watunzi wa Hadithi Pendwa

Mtunzi wa riwaya za upelelezi, mapenzi, majini au safari za anga za mbali anayeandikia Dar es Salaam leo ana njia nyingi za kumfikia msomaji kuliko waliomtangulia, ambao walitegemea safu ya hadithi gazetini na wachapishaji wachache waliokubali kazi za burudani. Njia zimeongezeka, lakini ushauri wa biashara unaozungushwa katika makundi ya watunzi umechanganyika mno: upo ulio sahihi, upo uliokuwa sahihi zamani, upo unaofaa Marekani lakini haufai hapa, na upo ambao haukuwahi kuwa sahihi popote. Nimezichukua dhana zinazorudiwarudiwa zaidi na kuzipima kwa sheria na taratibu zinazojulikana, kwa sababu kila moja huishia kumpotezea mtunzi fedha au haki ambayo tayari ilikuwa yake.

Dhana: Hadithi isiyosajiliwa haina mwenyewe

Ukweli ni kwamba hakimiliki huanza pale kazi inapotungwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, haimtaki mtunzi asajili popote ndipo alindwe, na Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne tangu mwaka 1994, hivyo riwaya iliyoandikiwa Tandika inalindwa pia katika nchi nyingine wanachama. Ulinzi huo hudumu kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, jambo ambalo wengi hulisahau wanapokubali kuuza kazi moja kwa moja kwa bei ya kodi ya mwezi mmoja.

Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunabaki kuwa na faida kubwa, kwa kuwa cheti ni ushahidi mzuri pale mgogoro unapozuka. Hata hivyo, rasimu zenye tarehe, barua pepe ulizomtumia mhariri na faili za awali nazo ni ushahidi, kwa hiyo usizifute. Jambo lisilolindwa kabisa ni wazo tupu. Mtu mwingine akiandika kuhusu mpelelezi wa Kigamboni anayefuatilia mauaji kwenye kivuko, hajakuibia chochote mradi hakuchukua maneno na matukio yako kama ulivyoyapanga. Mtunzi anayekataa kumwonyesha mhariri mswada wake kwa hofu ya kuibiwa wazo anajinyima msaada anaouhitaji kuliko ulinzi.

Dhana: Namba ya ISBN ndiyo hakimiliki

Hapana. ISBN ni namba ya utambulisho wa toleo ili maduka, maktaba na wasambazaji wasilichanganye na jingine. Tangu mwaka 2007 ina tarakimu 13. Kwa Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, ambayo Maktaba Kuu yake ipo Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Kitabu cha karatasi na kitabu cha kielektroniki huhitaji namba tofauti, na simulizi unayoiuza kwa sehemu katika kundi la WhatsApp haiihitaji kabisa.

Dhana: Mchapishaji makini hukutaka uchangie gharama

Hii ndiyo dhana inayoumiza kuliko zote, na ndiyo inayonifanya niandike kwa msisitizo. Mchapishaji huweka fedha zake katika kitabu chako kwa kuamini kwamba kitauzika, kisha hukulipa mrabaha, yaani sehemu yako ya mapato ya mauzo. Mwandishi wa Marekani James D. Macdonald aliliweka jambo hili katika kanuni fupi ambayo watunzi wa huko huiita Sheria ya Yog: fedha humwendea mwandishi, hazitoki kwake. Anayekutaka ulipe milioni kadhaa kwa jina la "kuchangia uchapishaji" ameshapata faida yake kabla nakala moja haijauzwa, kwa hiyo hana sababu ya kuhangaika kuuza.

Hata hivyo, lazima tutofautishe. Mtunzi anayeamua kujichapishia mwenyewe humlipa mhariri, mchora jalada, msanifu wa kurasa na kiwanda cha uchapaji, na hilo ni halali kabisa. Wapo watunzi wa riwaya za upelelezi wa jiji hili waliofanya hivyo miongo mingi kabla ya intaneti. Tofauti ni nani anabaki na nini. Ukishalipa kiwanda, nakala zote ni zako, haki zote ni zako, na bei unapanga wewe. Kampuni ikichukua fedha zako, kisha ikabaki na nakala, ikashika haki na kukugawia asilimia kidogo, umeilipia kazi yako na papo hapo umeigawa.

Utapeli wa sasa huja kwa barua pepe, na umekuwa wa ustadi. Barua huanza kwa kukusifu, ikimtaja mhusika wako mkuu kwa jina na kueleza jinsi mwisho wa sura ya tatu ulivyomgusa msomaji, kwa sababu akili mnemba imesoma sehemu uliyoiweka hadharani. Mwandikaji hujitambulisha kama mhariri wa shirika kubwa la New York au mnunuzi wa haki za filamu. Ukiitazama anwani, ni ya Gmail, au jina la tovuti limeongezwa kistari ambacho kampuni halisi haina. Baada ya barua mbili au tatu za bashasha hutajwa ada: ya kutathmini mswada, ya kuandaa muhtasari wa filamu, au ya kuweka kitabu katika maonyesho fulani ya nje. Hapo ndipo pa kusimama.

Chombo bora cha kujikinga ni cha bure. Writer Beware ilianzishwa mwaka 1998 chini ya SFWA, chama cha waandishi wa hadithi za kisayansi na fantasia cha Marekani, na kwa miaka yote hiyo imekuwa ikichunguza na kuanika mawakala, wachapishaji na mashindano yanayowanyonya waandishi. Kabla hujajibu barua yoyote yenye ahadi, andika jina la kampuni pamoja na maneno Writer Beware katika kitafutio na usome kinachotokea. Vilevile, wakala halali wa fasihi, yaani anayemtafutia mtunzi mchapishaji, hatozi ada ya kusoma. Hulipwa kwa kukatwa sehemu ya mapato yako, kwa kawaida asilimia 15 kwa mauzo ya nchini mwake, baada ya kazi kuuzwa.

Dhana: Ukishaingia Amazon, dola zitaanza kumiminika

Huduma ya kujichapishia ya Amazon, KDP, ni ya kweli na haina ada ya kujiunga, lakini hesabu zake zinahitaji utulivu. Kwanza, ina orodha ya lugha inazozikubali kwa vitabu vya kielektroniki, na mtunzi wa Kiswahili anapaswa kuisoma orodha hiyo kabla hajalipia jalada. Pili, mrabaha wa asilimia 70 unaotangazwa sana hutolewa kwa kitabu chenye bei kati ya dola 2.99 na dola 9.99, tena kwa mauzo ya nchi zilizomo katika orodha maalumu. Kwingineko ni asilimia 35.

Tuchukue kitabu cha dola 2.99 kilichonunuliwa Marekani. Asilimia 70 yake ni takriban dola 2.09, kabla ya ada ndogo inayotegemea ukubwa wa faili. Kwa kuwa Tanzania haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, mwandishi anayeishi hapa hukatwa asilimia 30 ya mapato yatokanayo na mauzo ya huko, hivyo hubakiwa na karibu dola 1.46. Si fedha ya kudharau, lakini si ile aliyoipigia hesabu kichwani, na bado hajamlipa mhariri.

Zaidi ya hayo, anayejiunga na mpango wa KDP Select hujifunga kwa siku 90 kutouza wala kugawa kazi hiyo kwa mfumo wa kidijiti mahali pengine popote. Mtunzi anayeendelea kurusha sehemu za simulizi hiyohiyo Facebook wakati huo anavunja masharti aliyoyakubali kwa kubofya kitufe bila kusoma.

Dhana: Kuuza kwa WhatsApp si biashara ya kweli

Wanaosema hivi hawajaitazama biashara yenyewe. Mtunzi huweka sehemu kumi za mwanzo bure Facebook, huikata simulizi pale mke anapofungua mlango na kumkuta mtu aliyezikwa juzi, kisha huwaelekeza wasomaji kwenye kundi la kulipia la shilingi 1,000 au 2,000. Msomaji hutuma fedha kwa simu, hupiga picha ya ujumbe wa muamala, na admini humwingiza. Msomaji wa Mbagala asiye na kadi ya benki amehudumiwa kwa dakika chache, katika lugha yake, kwa bei anayoimudu. Kwa hadithi pendwa za Kiswahili sijaona mfumo unaomfikia msomaji kwa haraka zaidi ya huo.

Udhaifu wake upo katika mambo mawili ambayo watunzi huyachukulia kwa wepesi. La kwanza ni nakala za PDF kusambazwa bure. Huwezi kulizuia kabisa, lakini unaweza kulipunguza kwa kuuza kwa sehemu badala ya kitabu kizima, kuweka jina na namba yako ya biashara katika kila ukurasa ili nakala iliyovuja imrudishe msomaji kwako, na kutunza daftari la wanunuzi. La pili ni kwamba kazi iliyowekwa hadharani huhesabika na wahariri wengi kuwa imeshachapishwa. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, na Tuzo ya Safal-Cornell ya Fasihi ya Kiafrika ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, zina masharti kuhusu hali ya mswada unaopokelewa. Amua mapema ni simulizi ipi ya kundi na ipi ya tuzo, kwa sababu ukishairusha huwezi kuirudisha.

Anayeandika chombezo azingatie pia kwamba kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020, pamoja na marekebisho yake, zinakataza maudhui ya ngono, na kutumia jina la kubuni hakumwondolei mtu wajibu.

Dhana: Tovuti za waandishi ni za Wazungu

Nyingi ni za Kiingereza, hilo ni kweli, na asiyeandika Kiingereza atanufaika zaidi na zile za ushauri wa mikataba kuliko zile za kutafuta masoko. Lakini anayeandika lugha zote mbili anakosa mengi kwa kuamini dhana hii. Jarida la Omenana, lililoanzishwa mwaka 2014, huchapisha hadithi za kubuni za kisayansi na za kifantasia za Waafrika. African Speculative Fiction Society, chama kilichoanzishwa mwaka 2016, ndicho kinachotoa Tuzo za Nommo kwa hadithi za aina hiyo. Submission Grinder ni hifadhi ya bure ambamo unatafuta majarida kwa aina ya hadithi, urefu na malipo, na kuona wastani wa muda wa kujibu. SFWA huhesabu malipo ya kitaalamu kuanzia senti 8 za dola kwa neno, kwa hiyo hadithi ya maneno 4,000 ingelipa dola 320. Kabla ya kutuma, muulize mhariri kama anaweza kulipa kwa benki, kwa kuwa njia zao za kawaida si zote zinazopokea fedha Tanzania.

Dhana: Mkataba ukishataja fedha, mengine ni maneno ya wanasheria

Ni kinyume chake. Kiasi cha fedha ndicho kipengele rahisi kuliko vyote. Hakimiliki ya riwaya inafanana na nyumba ya Magomeni inayopangishwa chumba kwa chumba: haki ya kitabu cha karatasi, ya kitabu cha kielektroniki, ya masimulizi ya sauti, ya tafsiri, ya filamu na ya tamthilia ya televisheni, kila moja inaweza kutolewa peke yake, kwa muda wake na kwa bei yake. Maneno "haki zote" hutoa nyumba nzima kwa kodi ya chumba. Mtayarishaji wa filamu akipenda simulizi yako, mpe haki ya filamu pekee, kwa kipindi kinachotajwa, kwa mfano miaka miwili, na iandikwe kwamba asipoanza kupiga picha ndani ya muda huo haki inarudi kwako bila wewe kurudisha malipo ya awali.

Kwa mchapishaji wa vitabu, uliza mrabaha unahesabiwa kwa bei ya dukani au kwa fedha anayobaki nayo baada ya punguzo la muuzaji, maana asilimia 10 ya moja si asilimia 10 ya nyingine. Uliza taarifa ya mauzo hutolewa mara ngapi kwa mwaka. Mrabaha unaolipwa na kampuni ya hapa hukatwa kodi ya zuio, hivyo dai hati ya makato na uitunze kwa ajili ya TRA. Muhimu zaidi, hakikisha mkataba unaeleza kitabu kikiisha madukani kwa muda gani ndipo haki zinarudi kwa mtunzi. Kipengele hicho kisipokuwemo, riwaya inaweza kukosekana sokoni kwa miaka ishirini, wasomaji wakiiulizia kila siku kwa wauza vitabu wa Posta, na mwenye kuitunga asiwe na ruhusa ya kuichapa upya.