"Drive out" si kutoa gari nje

Mwanafunzi mmoja hapa Mombasa alisoma kwa Kiingereza kwamba mwaka 1698 Waomani "drove the Portuguese out of Fort Jesus", akaniuliza waliwabeba kwa gari gani. Swali la haki kabisa, maana wengi wetu tumefundishwa kuwa "drive" ni kuendesha gari, basi.

Lakini neno hilo ni kongwe kuliko magari. Tangu zamani lilimaanisha kuswaga: mchungaji nyuma, ng'ombe mbele, hawana hiari. Ndiyo maana "drive out" ni kufurusha, kumtoa mtu mahali kwa nguvu au kwa shinikizo. Ngome ile ilizingirwa tangu 1696, karibu miaka mitatu. Wareno hawakuondoka kwa kupenda. Wala si lazima pawe na silaha. Kodi ya nyumba ikipanda hadi wapangaji wa Mji wa Kale wahame, Kiingereza hutumia kitenzi hichohicho.

Kosa jingine ninalolisikia sana ni "drove out them". Kiwakilishi hukaa katikati, "drove them out", kama "wa" inavyokaa ndani ya "waliwafurusha". Mahali pakitajwa, ongeza "of".